Kupima urefu wa risasi na kina cha kichwa: mwongozo wa .308 Winchester

Ukipima risasi ya bunduki kutoka kitakoni hadi nchani, umejua jambo moja tu: kama itaenea kwenye magazini. Kama itapiga mahali pamoja kila mara, na kama presha yake itabaki ile iliyokusudiwa, hayo yanaamuliwa na sehemu iliyo nyuma ya ncha, pale kichwa kinaponenepa kiasi cha kugusa matuta ya mtutu. Ndiyo maana anayejaza risasi mwenyewe, yaani anayeunganisha ganda, fataki, baruti na kichwa, hupima mara mbili, na namba ya pili ndiyo anayoiandika kwa kalamu ya wino.

Tunafuata .308 Winchester, aina ya risasi ya bunduki iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1952, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana sana na vifaa vyake ni rahisi kupata huko. Utaratibu ni uleule kwa .223 Remington au .30-06 Springfield, namba tu ndizo hubadilika. Marekani mtu hahitaji leseni ya serikali kuu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Anayejaza ili auze anaihitaji. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi kunadhibitiwa na sheria za silaha, kwa hiyo aliyeko huko asiguse kazi hii kabla ya kupata kibali kutoka kwa mamlaka husika.

Majina kwanza

Neno "risasi" kwetu hubeba mambo mengi, na katika kupima mkanganyiko huo ni hatari. Hapa risasi ni kitu kizima kinachoingia chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa kabla ya kufyatuliwa. Ganda ni kopo la shaba nyeupe linalobaki baada ya kufyatua. Lina kitako, mwili, bega, shingo na mdomo. Kichwa ndicho kinachoruka. Fataki ni kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti. Matuta ni kingo zilizoinuka ndani ya mtutu, zile zinazokishika kichwa na kukizungusha. Kati ya chemba na mwanzo wa matuta kuna kipande laini kinachoitwa koo. Mpindo wa kichwa kutoka penye unene kamili kuelekea nchani ni ojivi.

Vitabu vya ujazaji vya Marekani huandika COAL kwa urefu wa kitako hadi ncha, na CBTO kwa urefu wa kitako hadi ojivi. Tutatumia urefu mzima na urefu wa ojivi. Umbali ambao kichwa kinaruka kabla ya kukutana na matuta tutauita mruko.

Namba za kuanzia

SAAMI, chombo cha viwango vya silaha na risasi Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, kinaweka urefu mzima wa .308 Winchester usizidi inchi 2.810, yaani mm 71.37. Ganda lenyewe lisizidi inchi 2.015, mm 51.18, likikatwa, kawaida hurudishwa kwenye inchi 2.005, mm 50.93. Kwa .30-06 Springfield urefu mzima ni inchi 3.340, na kwa .223 Remington ni inchi 2.260.

Kikomo hicho cha urefu mzima kimewekwa ili risasi ya kiwanda chochote iingie katika bunduki yoyote ya kiwango hicho. Hakikuambii matuta ya bunduki yako yanaanzia wapi. Bunduki mbili za muundo mmoja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana koo. Hilo utalijua kwa kupima tu.

Vifaa

Kalipa ya dijitali (kipimio chenye midomo miwili inayobana kitu) inayosoma mm 0.01 inatosha. Nunua ya chuma. Za plastiki hupinda midomo ukiibana. Pili, komparata: kipande kinachofungwa kwenye mdomo mmoja wa kalipa, chenye tundu linaloikalia ojivi badala ya ncha. Tatu, kifaa cha kupimia matuta, ambacho ni bomba lenye ganda lililotobolewa kitakoni na kufungwa kwa skrubu, na fimbo inayopita ndani yake kukisukuma kichwa mbele. Hornady huuza vyote viwili, na wengine pia. Kama huna cha tatu, fimbo ya kusafishia mtutu yenye ncha bapa itafanya kazi, tutaieleza chini. Ongeza daftari. Anayetegemea kumbukumbu kwenye kazi hii anacheza na presha.

Kabla ya kupima

Toa magazini, fungua boliti (kipande kinachofunga chemba kwa nyuma), angalia chemba kwa macho na uingize kidole. Kisha chomoa boliti kabisa. Risasi hai zote zitoke juu ya meza na ikiwezekana zitoke chumbani. Risasi ya kupimia haina baruti wala fataki, na ganda lake litobolewe ubavuni kwa keekee ili mtu yeyote akiliona ajue ni bubu. Usipime matuta kwa risasi hai hata mara moja, hata kama una haraka.

Safisha chemba na koo. Masizi ya baruti yaliyoganda kwenye koo hukisimamisha kichwa mapema, ukapata namba fupi kuliko ukweli. Kausha mafuta pia, maana ganda lenye mafuta huteleza likaingia bila usawa.

Hatua ya kwanza: pima maganda na vichwa vyenyewe

Pima urefu wa kila ganda. Lililozidi mm 51.18 likatwe, kwa sababu mdomo ukigonga mwisho wa chemba hujikunja na kukibana kichwa, na presha hupanda ghafla. Baada ya kukata, kwangua mdomo ndani na nje; ukucha mdogo wa shaba uliobaki hukwaruza kichwa kinapoingia.

Kisha chukua vichwa kumi kutoka boksi moja. Vipime kwanza kitako hadi ncha, halafu kwa komparata kitako hadi ojivi. Hapa ndipo utaona kwa macho yako tunachosema. Kichwa cha shabaha chenye ncha wazi kina mdomo uliochongoka-chongoka, kingine kirefu, kingine kama kimemegwa, na vichwa vya boksi moja huweza kupishana mm 0.2 au zaidi kwenye ncha. Kwenye ojivi tofauti hushuka sana. Ukirekebisha dai yako (kifaa kinachokizamisha kichwa ndani ya ganda) kwa kufuata ncha, utakuwa unafukuza makosa ya ncha, ambayo hayana uhusiano na matuta.

Hatua ya pili: tafuta matuta

Kwa kutumia kifaa chenye ganda lililotobolewa:

1. Weka kichwa kwenye mdomo wa ganda, kirudi nyuma ndani ya shingo, na ulegeze skrubu ya fimbo.
2. Ingiza kifaa chemba taratibu hadi bega la ganda ligonge bega la chemba. Kishikilie hapo kwa shinikizo dogo lisilobadilika.
3. Sukuma fimbo mbele kwa kidole. Utahisi kichwa kinateleza, kisha kinasimama. Gonga nyuma ya fimbo mara moja kwa ukucha, basi. Ukisukuma kwa nguvu kitazama ndani ya matuta na namba itakuwa ndefu kupita ukweli.
4. Kaza skrubu, toa kifaa. Mara nyingi kichwa kitabaki kwenye matuta. Kisukume kutoka mdomoni mwa mtutu kwa fimbo ya kusafishia, polepole.
5. Kirudishe kichwa kilekile kwenye ganda hadi kigote kwenye fimbo, pima kwa komparata, andika.

Rudia mara tano. Tuseme umepata 57.68, 57.66, 57.71, 57.67 na 57.69. Wastani ni 57.68, na tofauti ya juu na chini ni mm 0.05, mkono wako umetulia. Kama moja inasoma 57.95, kichwa kilisukumwa kwa nguvu au ganda halikukaa sawa. Itupe hiyo, upime tena.

Sasa kuna sahihisho ambalo wengi hulipita. Ganda la kununua, lile lililotobolewa kiwandani, halijawahi kufyatuliwa katika chemba yako. Bega lake mara nyingi liko nyuma kidogo kuliko la ganda lililofyatuliwa humo. Likiingia hadi bega ligote, kitako chake huwa kimesogea mbele ya pale kitako cha kawaida kinapokaa, na kipimo chako kinatoka kifupi kwa kiasi hicho. Pima kitako hadi bega kwa komparata ya bega kwenye maganda yote mawili. La kununua likisoma 41.35 na lako lililofyatuliwa 41.50, ongeza 0.15. Matuta yako yako 57.83, si 57.68. Dawa bora ni kumpa fundi wa chuma ganda lako mwenyewe lililofyatuliwa, alitoboe na kulikata skrubu ya kifaa hicho. Ukishafanya hivyo, sahihisho hili unalisahau.

Kwa kutumia fimbo ya kusafishia: rudisha boliti tupu na uifunge, ikiwa imekokiwa, haijafyatuliwa, ili pini ya kufyatulia isijitokeze mbele. Ingiza fimbo yenye ncha bapa kutoka mdomoni mwa mtutu hadi iguse uso wa boliti. Zungushia karatasi ya gundi na uchore mstari kwa wembe, ukiubana wembe sambamba na mdomo wa mtutu. Chomoa boliti, ingiza kichwa chemba na ukishikilie kwenye matuta kwa penseli kutoka nyuma. Rudisha fimbo hadi iguse ncha ya kichwa, chora mstari wa pili. Umbali kati ya mistari ni urefu mzima wa kugusa matuta kwa kichwa hicho mahususi. Kiwekee alama kichwa hicho, kizamishe kwenye ganda bubu hadi urefu huo, kisha upime ojivi kwa komparata. Upana wa mstari wa wembe peke yake hukupotezea sehemu ya kumi ya milimita, lakini kwa bunduki ya kuwindia inatosha.

Njia ya ganda lililopasuliwa shingo, ambapo matuta hukisukuma kichwa kirudi ndani ya ganda unapofunga boliti, ni ya bei nafuu, nasi hatuipendi. Unapofungua boliti, matuta hukivuta kichwa kikatoka kidogo, na huna namna ya kujua kimetoka kiasi gani.

Hatua ya tatu: pima magazini

Tumia midomo ya kalipa ya kupimia ndani, upime ndani ya magazini, ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Ondoa mm 0.5 ili risasi ipande bila kukwaruza. Hicho ndicho kikomo chako cha pili, na katika bunduki nyingi za .308 zitokazo kiwandani hukifikia kabla hujayafikia matuta.

Tuendelee na mfano. Matuta yako 57.83. Unataka mruko wa mm 0.50, kiasi ambacho wengi huanzia, kwa hiyo urefu wa ojivi ni 57.33. Umezamisha risasi bubu hapo, urefu mzima ukatoka mm 72.60. Magazini ndani ni mm 72.0. Haiingii. Basi unarudi kwenye mm 71.30, chini ya kikomo cha SAAMI. Umekizamisha kichwa mm 1.30 zaidi, urefu wa ojivi sasa ni 56.03, na mruko ni mm 1.80. Usisikitike. Vichwa vingi vya shabaha vya .308 vinapiga vizuri sana na mruko wa namna hiyo. Anayelazimisha mruko mfupi akaishia kuingiza risasi mojamoja kwa mkono ameilipa faida ndogo kwa gharama kubwa, hasa porini.

Hatua ya nne: hesabu kina

Kina cha kichwa ndani ya ganda ni urefu wa ganda, jumlisha urefu wa kichwa, toa urefu mzima. Ganda 50.93, kichwa 30.90, urefu mzima 71.30: kina ni mm 10.53.

Hesabu hii ndogo ina uzito. Shingo ya .308 ina urefu wa karibu mm 7.7, kwa hiyo mm 2.8 za kichwa zimeshuka chini ya shingo na kuchukua nafasi ya baruti. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha mm 7.82; kila milimita unayokizamisha inaondoa milimita za ujazo 48. Nafasi ikipungua, kiasi kilekile cha baruti hutoa presha kubwa zaidi. Upande wa pili, kichwa kinachogusa matuta nacho hupandisha presha, kwa kuwa hakina mwendo wowote kinapokutana na kizuizi. Kwa hiyo ukibadilisha kina kwa kiasi cha kuonekana, au ukibadilisha kichwa, rudi kwenye kiwango cha kuanzia cha baruti katika kitabu cha mtengenezaji na upande upya kwa hatua. Usihamishe kiwango cha kichwa kimoja kwenda kingine cha uzito uleule. Kichwa cha shaba nyekundu tupu ni kirefu kuliko chenye kiini cha madini ya risasi cha uzito huo, hivyo kinazama zaidi. Barnes, wanaotengeneza vichwa hivyo, hushauri mruko wa kuanzia wa inchi 0.050, yaani mm 1.27.

Angalia pia kichwa kimeshikwa vya kutosha. Kanuni ya kazini ni kwamba sehemu iliyonyooka inayoshikwa na shingo ikaribie kipenyo cha kichwa. Tako lililochongoka lisihesabiwe, halishiki kitu.

Hatua ya tano: kurekebisha dai

Fungua dai ya kuzamishia hadi pini ya ndani, ile inayokisukuma kichwa, iwe juu kabisa. Pandisha ganda bubu kwenye presi (mashine ya mkono inayolisukuma ganda ndani ya dai), shusha dai hadi iguse mdomo wa ganda, kisha irudishe nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja ili isiufinye mdomo, na ufunge nati. Weka kichwa wima. Shusha pini kiasi, zamisha, pima ojivi. Ikisoma 56.60 na unataka 56.03, bado mm 0.57. Shusha nusu ya hapo, zamisha, pima, kisha robo. Kurudi nyuma maana yake ni nyundo ya kung'olea vichwa, kwa hiyo nenda polepole mwishoni.

Ukifika, weka risasi hiyo bubu kwenye boksi la vichwa na uandike tarehe, kichwa, urefu wa ojivi na namba ya tundu la komparata. Tundu la komparata moja halilingani kamili na la nyingine, 56.03 yako kwenye kalipa ya jirani inaweza kusoma 56.20. Namba ya ojivi ni ya bunduki moja, kichwa kimoja na komparata moja. Usiikope, usiikopeshe.

Zikipishana

Umejaza kumi, ojivi zinapishana mm 0.15. Anza na pini. Ikiwa kichwa ni chembamba kirefu, ncha yake huweza kugonga dari ya pini kabla ubavu haujashikwa. Paka ncha wino wa kalamu nene, zamisha, angalia: wino ukifutika nchani tu, unahitaji pini yenye tundu refu zaidi. Pete iliyochorwa kwenye ubavu wa kichwa ni dalili ya ukingo mkali wa pini au shingo inayobana kupita kiasi.

Pini ikiwa nzima, angalia maganda. Shingo zilizofyatuliwa mara nyingi bila kupashwa moto huwa ngumu na kila moja hubana kivyake. Zile ngumu hukiacha kichwa juu. Baruti iliyojaa hadi kukandamizwa nayo hukisukuma kichwa kirudi nje polepole, hivyo pima risasi hizo tena kesho yake. Na kabla ya kulaumu chochote, futa midomo ya kalipa. Punje moja ya baruti ina unene wa kutosha kukudanganya, na fataki iliyojitokeza kitakoni hudanganya zaidi. Fataki inayojitokeza ni hatari kwa sababu nyingine pia; usiisukume ndani ya risasi iliyojazwa, ng'oa kichwa na umwage baruti kwanza, ndipo uirudishe.

Kalipa ifungwe na usome sifuri komparata ikiwa imeshafungwa, tena baada ya kila risasi tano. Bonyeza kwa nguvu ileile, zungusha risasi kidogo kati ya midomo hadi itulie, usome.

Jambo la mwisho kwenye benchi: usiiache risasi ya kuwindia ikiwa imezama ndani ya matuta. Ukitaka kuitoa bila kufyatua, kichwa hubaki mtutuni, ganda hutoka tupu na baruti yote humwagika ndani ya bunduki. Uko mbali na nyumbani, na bunduki yako imezibwa.

Pima matuta upya kila baada ya risasi mia kadhaa. Moto wa baruti hulila koo, na matuta husogea mbele kidogokidogo. Andika namba mpya chini ya ile ya zamani, na tarehe na idadi ya risasi zilizopita mtutuni.